Nyoka Wangu Alikufa, Harufu Ikabaki

Nyoka wangu nilimkuta amekufa siku ya Ijumaa mchana, na kabla jua halijazama watu watatu walikuwa wameshadai kwamba wao ndio waliomuua. Mwenye nyumba alisema ni maombi ya akina mama wa kanisa lake. Fundi wa baiskeli wa chumba cha tano alisema ni moshi wa kwato za mbuzi alizozichoma mbele ya mlango wangu. Pasta alituma ujumbe kwamba alikuwa amefunga siku mbili kwa ajili ya jambo hilo hilo. Mimi niliyeishi na yule nyoka miaka mitatu, niliyemkamatia panya na kumbadilishia maji, ndimi peke yangu niliyesema sijui.

Neno hilo ndilo lililonitoa Bwera, mji ulio karibu na mpaka wa Kongo. Silijutii.

Niliacha shule nikiwa darasa la sita, kule Kyarumba, mlimani. Mwalimu alichoshwa na maswali yangu, nami nikachoshwa na majibu yake, tukaachana bila ugomvi. Tangu hapo nimebeba kahawa kichwani nikishuka zile njia za mlimani ambazo mbuzi mwenyewe huzifikiria mara mbili, nimechota chumvi ziwani, nimevuka kwenda Kongo na kurudi zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu. Sikuwahi kukaa mahali misimu miwili ya mvua. Bwera nilikaa miaka mitatu, na aliyenikalisha ni nyoka.

Nilimpata kijiji cha Nyakiyumbu, kwenye lundo la maganda ya kahawa nyuma ya mashine ya kukobolea. Wenzangu walikuwa wameshainua majembe. Nikamfunika kwa debe, nikakaa juu ya debe, nikawaambia wampige wakishanipiga mimi. Alikuwa mwembamba kama kidole gumba, rangi ya kahawia, na mistari miwili myeupe kila upande wa uso. Askari mmoja wa wanyama pori, aliyekuwa akila kwenye kibanda kimoja na mimi, alimtazama akaniambia huyu ni nyoka wa nyumba tu, hana sumu, kazi yake ni panya. Nikamtengenezea sanduku la mbao lenye wavu mbele, nikamwekea maji kwenye kifuniko cha mkebe wa siagi. Sikumfuga ili nimwonyeshe watu. Nilitaka kujua mambo. Nilitaka kujua anavyojua panya yuko wapi kabla hajamwona, anavyolivua gamba zima bila kulichana, na kwa nini siku nyingine alitoka akanizunguka mkononi na siku nyingine akakataa kabisa. Kila jibu lilizaa swali lingine, na kwangu hayo ndiyo maisha mazuri.

Majirani walinivumilia kwa sababu panya walipungua. Tulikuwa safu ya vyumba vitano vya matofali chini ya paa moja la mabati. Kuta za ndani haziendi mpaka juu. Zinaishia kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, na kutoka hapo hewa ni ya wote. Ukikohoa chumba cha kwanza, chumba cha tano wanakupa pole. Mimi nilikuwa cha pili. Cha nne alikaa mama mmoja kijana, muuza nyanya, na binti yake wa miezi saba. Mume wake alikuwa Kampala akitafuta kazi. Cha tatu, katikati yetu, kilikuwa kitupu, mpaka mama mmoja mfanyabiashara kutoka Butembo, Kongo, alipokikodi kuwa ghala la maharage.

Mama huyo alinipa kazi. Nilimbebea magunia, nilimpandia Kyarumba kumtafutia maharage kwa wakulima, na nilimtunzia ufunguo wa pili wa ghala. Alikuwa mchapakazi, Mkatoliki wa kweli, na hakuwa na mchezo na mtu. Alishawahi kupoteza mzigo mzima kwa wadudu: alifungua magunia akakuta unga na mbawa. Tangu hapo alinunua dawa, vile vidonge vya kufukuza wadudu wa nafaka ambavyo huuzwa sokoni kimoja kimoja kutoka kwenye mkebe usio na karatasi. Anavifunga kwenye kitambaa, anavisukuma katikati ya gunia, anafunika magunia kwa turubai. Nilimwona akifanya hivyo. Mimi mwenyewe nilishika turubai upande wa pili. Naandika hilo ili isije ikaonekana kwamba mimi nilikuwa mwerevu na wengine wote wajinga.

Kisha harufu ikaanza.

Ilikuwa kama kitunguu saumu kilichosahaulika kwenye mafuta, na chini yake kitu kama samaki aliyeoza. Ilikuwa kali asubuhi, tunapofungua milango, ikipungua mchana. Sasa, kwetu kila mtu anajua kwamba ukisikia harufu ya chakula au ya samaki mahali pasipopikwa kitu, basi nyoka yuko karibu. Nilifundishwa na bibi yangu, naye alifundishwa na wa kwake. Unaacha kuokota kuni, unarudi nyuma polepole. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza harufu inatoka wapi. Macho yote yaligeukia mlango wangu.

Hata mimi niliamini. Nililiosha sanduku mara tatu kwa sabuni. Nikambeba nyoka mwenyewe nje juani, nikaweka pua mgongoni mwake, nikavuta hewa. Alinukia vumbi. Nilisimama pale na jibu puani, kisha nikarudi ndani kuliosha sanduku mara ya nne.

Wiki hiyo hiyo mtoto wa jirani akaanza kuumwa. Asubuhi alikuwa mlegevu kama nguo iliyoloana, anatapika, hataki ziwa. Mama yake alipombeba mgongoni kwenda sokoni, mchana alichangamka kidogo, akalala vizuri kwenye boksi kati ya nyanya. Kesho yake asubuhi ilikuwa vile vile. Mama mwenyewe alilalamika kichwa. Kliniki walimpima malaria, hawakuiona, wakampa maji ya chumvi na sukari. Alinijia mlangoni, na kwa sababu alikuwa na adabu alizungumza akiwa ametazama miguu yangu.

"Kaka," akasema, "mtoto wangu anaumwa tangu nyoka wako aanze kunuka."

Nilimwambia nyoka hana sumu. Akasema hajazungumzia sumu.

Mwenye nyumba alinipa mpaka Jumapili nimwondoe nyoka au nihame pamoja naye. Kabla sijaamua, mama wa Butembo akanituma Kyarumba siku mbili. Mvua ilikuwa inanyesha kila siku, maharage yalikuwa yamepata unyevu, naye alitaka mengine makavu ya kuchanganya. Nilimwacha nyoka na maji safi. Alhamisi jioni, nikiwa mlimani, akina mama wa kanisa walikusanyika uani wakaweka mikono juu ya mlango wangu. Ijumaa mchana nilifungua, nikamkuta amekufa.

Alikuwa amenyooka. Nyoka aliye hai hujikunja. Yule alikuwa kama kamba iliyoanikwa, kichwa kwenye kifuniko cha maji, mdomo wazi kidogo. Hakuwa na jeraha. Alikuwa amemaliza kumeza panya siku nane zilizopita na hakuwa amemtapika. Jumatano, nilipomuaga, alikuwa na nguvu zake zote.

Nilikaa sakafuni nikamtazama. Nilisikia furaha nje, na wala sikuichukia sana, maana walikuwa na mtoto anayeumwa na walitaka kitu kiishe. Mwenye nyumba aliingia bila kubisha. Ni mama mzee, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Umeona?" akasema. "Jumapili utasimama kanisani utoe ushuhuda. Useme tu Mungu amemuua nyoka. Chumba kinabaki chako."

"Na kama sijui ni nini kimemuua?"

"Hujui Mungu?"

"Mungu namjua, mama. Kilichomuua nyoka ndicho sikijui."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda nyumbani kwake mwenyewe. Akasema kufikia Jumapili nitakuwa nimejua.

Asubuhi iliyofuata, Jumamosi, nilimfunga nyoka kwenye kitambaa chenye maji, nikamtia kwenye kavera, mfuko wa plastiki, nikaomba nafasi kwenye gari la nyanya linalokwenda mjini Kasese. Turniboi, msaidizi wa dereva, aliuliza nimebeba nini. Nikamwambia samaki. Akasema samaki wangu ni mrefu. Nikamwambia ni wa Kongo, na hilo likamtosha.

Kasese kuna mama mmoja anayeuza dawa za mifugo, minyoo ya mbuzi, kupe wa ng'ombe, chanjo za kuku. Amesomea wanyama, na ni mmoja wa watu wachache ambao hawajawahi kuniambia nipunguze maswali. Nilipofungua kavera mbele yake hakuruka. Alivaa miwani.

Alisema nyoka wa kufugwa akifa ghafla, watu hutaka sababu moja, na sababu ni nyingi. Akaanza kuniuliza kama askari. Je, usiku kulikuwa na baridi? Nyoka hana moto wake mwenyewe. Akishiba kisha akapata baridi, panya anaozea tumboni. Nikasema ameshiba siku nane, na chumba hakina baridi. Panya nilimtoa wapi? Panya aliyekula sumu ya dukani anamwua anayemla. Nikasema nilimtega mwenyewe kwenye mashine ya kahawa, ambako hawaweki sumu. Viroboto, utitiri kwenye magamba? Alimpitishia pamba nyeupe, ikatoka safi. Je, kuna aliyepuliza dawa ya mbu au ya kunguni? Hakuna. Moshi? Nikamwambia habari ya kwato za mbuzi. Akasema inawezekana, lakini moshi wa mlangoni usingepita chini ya mlango uliofungwa na kuua kitu kizima. Moyo? Alisema ndiyo, kuna wanaokufa kwa moyo, kama watu, na hutajua kamwe.

Kisha akaniuliza kama nina ujasiri wa kumfungua. Tulimlaza kwenye jani la mgomba nyuma ya duka, akampasua kwa wembe mpya. Nilijifunza siku hiyo kwamba nyoka ana pafu moja tu la maana, refu, upande wa kulia. La kwake lilikuwa jekundu sana, zito, kama ini. Mama wa dawa alilitazama muda mrefu.

"Huyu hewa ilimsumbua," akasema. "Zaidi ya hapo nikisema nitakuwa nadanganya." Akafuta wembe. "Kwenye nyumba hiyo, nani mwingine anaumwa?"

Nikamwambia mtoto.

"Analala wapi?"

"Chini. Kwenye godoro, na mama yake."

"Na kati yenu na wao kuna nini?"

Nikamwambia hakuna kitu, kuna maharage tu. Hapo aliivua miwani. Hakuhitaji kuniuliza swali linalofuata, maana mkono wangu ulikuwa umeshalikumbuka lile turubai nililolishika upande wa pili.

Alinieleza kwamba vile vidonge si sumu ya kukaa kwenye maharage. Vikikutana na unyevu vinageuka hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoua mdudu. Ni nzito kidogo kuliko hewa yetu. Hairuhusiwi mahali wanapolala watu. Ina harufu ya kitunguu saumu, wengine wanasema samaki. Lakini hakukubali kuniambia kwamba ndiyo iliyomuua nyoka wangu. Alisema mnyama mmoja, bila maabara, hawezi kuapa.

"Rudi unuse," akasema. "Kama aliyekuwa ananuka ni nyoka, basi sasa hakuna harufu. Hilo hata mtoto wa shule analijua."

Tulimzika pale nyuma ya duka, nikarudi Bwera kwa gari la kwanza lililonikubali.

Harufu ilikuwepo. Ilinipokea mlangoni saa kumi na moja jioni, kali kuliko siku niliyoondoka. Sanduku lilikuwa tupu. Nililala chini kifudifudi nikaweka pua kwenye ufa kati ya sakafu na ukuta wa ghala, nikainuka macho yakiniwasha.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama wa Butembo, alipokuwa amekaa na wabadilishaji fedha wa njia ya mpakani. Nilimweleza yote taratibu. Nilimwomba tuyatoe magunia tuyaanike nje mpaka dawa iishe. Alicheka kwanza. Aliponiona sicheki, akakasirika.

"Weye unataka kunifundisha kazi yangu?" akasema. "Hii dawa tunatia tangu zamani. Ni ya wadudu, haiko ya watu. Minaweka tatu kwa gunia juu wadudu beko wengi."

"Umeweka tatu?"

"Tatu. Na juzi, juu ya mvua, nikaongeza."

"Juzi siku gani?"

"Alhamisi. Kisha ni kazi yako? Leta funguo yangu."

Nikampa. Sikuona njia ya kumnyima kitu chake. Alikuja mwenyewe akatia kufuli jipya, na njiani akamwambia kila aliyemsalimia kwamba nyoka ameniacha na wazimu.

Kwa yule mama wa mtoto nilikwenda baadaye. Nilimwomba akalale kwa dada yake, usiku mmoja tu. Mtoto alikuwa mgongoni, kichwa kimeangukia pembeni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha mwenye nyumba, ambaye alikuwa akitwanga karanga pale pale, akasema kwamba nyoka akifa roho yake husumbua siku tatu, na kwamba mtu akihama kwa kuiogopa itamfuata. Mama wa mtoto alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Nyoka wako amekufa, kaka," akaniambia. "Bado unataka kunihamisha?"

Nilimwomba basi alale mlango wazi, godoro kitandani, si chini. Akasema hana kitanda. Nikamletea changu. Alikipokea, nadhani kwa sababu ya huruma kwangu. Mimi nililala nje barazani.

Jumapili nilikwenda kanisani nikiwa nimefua shati. Ni jengo la mbao lenye turubai upande mmoja, na watu walikuwa wengi kuliko kawaida, maana habari ya nyoka ilikuwa imefika mpaka sokoni. Mama wa mtoto alikaa mbele, mtoto mapajani, macho yake nusu. Asubuhi hiyo alikuwa ametapika, lakini mara moja tu. Niliona, na sikujua kama ni kitanda au ni bahati.

Pasta alinikaribisha kwa maneno mazuri. Alisema ndugu yetu huyu alikuwa amefungwa na kiumbe cha giza, leo yuko huru, na atueleze kwa kinywa chake. Akanipa kipaza sauti. Sijawahi kushika kitu kile. Sauti yangu ilitoka ukutani kabla sijaizoea.

Nilisema kwamba nyoka wangu amekufa, ni kweli, na nimemzika Kasese. Nilisema sijui kilichomuua, na kwamba aliyesomea wanyama naye hajui, na hakuona aibu kuniambia. Mtu akacheka nyuma. Nikasema jambo moja ninalijua.

"Mlisema nyoka ndiye anayenuka. Nyoka yuko chini ya udongo, mwendo wa saa nzima kwa gari kutoka hapa. Leo asubuhi mwenye nyumba amefungua mlango akaziba pua, nimemwona. Sasa mniambie ni nani ananuka."

Mwenye nyumba aliangalia mikono yake. Nikaanza kueleza habari ya vidonge, lakini pasta alikuwa ameshanikaribia, akanishika bega kwa upole, akachukua kipaza sauti. Akasema tumwombee ndugu yetu, bado kuna masalia. Akaniambia nikae chini.

"Sikai," nikasema. Bila kipaza sauti lilisikika kidogo tu. Nikamgeukia mama wa mtoto. "Dada, twende."

Hakuinuka. Nilitoka peke yangu, na nyuma yangu walianza kuimba.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Nilichukua nondo ya fundi wa baiskeli iliyokuwa imeegemea ukuta, nikavunja kufuli. Sikuwahi kuiba hata muwa kabla ya siku hiyo. Nilikuwa nimechoka kuombwa niseme nisichokijua na kukatazwa kusema ninachokijua. Nilifungua mlango, nikakimbia nyuma, nikasubiri. Nikajifunga kitambaa chenye maji usoni, ambacho baadaye niliambiwa hakizuii chochote. Nikaanza kuyatoa magunia.

Yalikuwa kumi na mbili. Unabana pumzi, unaingia, unaburuta, unatoka, unapumua. Kwenye gunia la tatu nilitapika. Kwenye la tano kichwa kilikuwa kinapigwa nyundo. Nilikuwa na la saba nilipoona miguu ya mwanamke mbele yangu. Mama wa mtoto alikuwa ametoka ibadani katikati ya wimbo.

"Nionyeshe," akasema.

Nilimwambia asisogee. Nilifungua gunia juani, nikachimba kwa mkono, nikatoa kitambaa. Ndani yake palikuwa na majivu ya kijivu tu, vidonge vilivyokwisha kufanya kazi yao. Kitambaa cha pili kilikuwa na kimoja ambacho hakijaisha. Upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwake. Alivuta hewa mara moja, akarudi nyuma hatua tatu, mkono juu ya uso wa mtoto.

"Ndiyo hii," akasema. "Ndiyo ninayoamka nayo."

Aliingia chumbani kwake akatoka na godoro, akatoka na sufuria, akatoka na nguo za mtoto, akaziweka zote chini ya mti wa parachichi wa jirani. Kisha akamkalisha mtoto juu ya godoro na kurudi kunisaidia kusukuma, nami nikamkataza. Tuligombana kidogo juu ya hilo.

Mama wa Butembo alifika tukiwa na gunia la kumi na moja. Misa yake ilikuwa imekwisha, na mtu alikuwa ameshamkimbilia na habari. Alikuwa na kitenge cha Jumapili na hasira inayolingana nacho. Aliniita mwizi. Nikamwambia mwizi angeyapeleka mbali zaidi ya uani. Watu waliotoka kanisani walikuwa wanajaa, wakasimama kama kwenye mpira.

"Rudisha maharagi yangu ndani," akasema.

"Rudisha mwenyewe."

"Weye ni mufanyakazi wangu."

"Nilikuwa."

Nilidhani atanipiga. Alipoinua mkono, mama wa mtoto alisimama katikati yetu, akamwonyesha binti yake pale kwenye godoro. Aliongea polepole, kwa Kiswahili cha Kongo ili asikosee kusikia.

"Mama, wewe iko na watoto. Huyu mutoto alikuwa anakufa pole pole, na mimi niko namuombea karibu na dawa yako."

Mama wa Butembo alimtazama mtoto. Akakaa juu ya gunia, akavua kilemba, akajipepea nacho. Alisema hakujua. Kisha akasema tena kwamba tangu zamani mutu hajakufa. Maneno hayo mawili aliyasema kwa zamu mara kadhaa, na naamini yote mawili aliyasema kwa moyo.

Mtoto alipona. Siku ya tatu alishika kichwa chake mwenyewe na kunyonya mpaka akalewa maziwa. Kanisani walitoa ushuhuda juu yake, kwamba mapepo ya nyoka yamefungwa na mtoto amefunguliwa. Waache. Mimi sina kanisa la kushindana na lao. Mwenye nyumba alinifukuza hata hivyo, kwa kuvunja kufuli na kwa kumwaibisha pasta, na nilifunga virago bila kubishana. Fundi wa baiskeli alinisaidia kubeba, akiwa bado ananieleza habari ya kwato za mbuzi.

Nimesimulia haya Kasese, Kyarumba, na kila ninapopita, na watu huniuliza mwishoni: kwa hiyo ni dawa ya maharage iliyomuua nyoka? Wanataka niseme ndiyo, ili hadithi ikae sawa. Sisemi. Mvua, dawa iliyoongezwa Alhamisi, pafu jekundu, sanduku chini karibu na ufa. Vyote vinaelekea huko. Lakini sikuwepo alipokufa, na hakuna aliyempima. Sikukataa kudanganya mbele ya pasta ili nije kudanganya mbele ya walevi wa pombe ya ndizi.

Lakini ile Jumapili nilikuwa sijamaliza. Alasiri mama wa Butembo alileta pikapu, akapakia magunia yote kumi na mawili akisaidiwa na vijana wa stendi. Nilimwomba ayaanike kwanza. Alinipita akiyahesabu magunia, kwake nilikuwa nimeshakuwa hewa. Nilimsikia akimwambia dereva aelekee ghala lingine, upande wa Mpondwe, nyumba ya jamaa yake. Pikapu likaondoka na turubai juu.

Nilisimamisha boda boda nikamwambia afuate maharage yale. Aliuliza kama ni ya kwangu. Nikasema hapana. Alicheka mpaka tulipofika kwenye kona, lakini alifuata.

Ilikuwa nyumba ndefu ya matofali kama ile yetu, nguo za watoto zikiwa kwenye kamba. Walikuwa wanashusha gunia la kwanza. Nilizunguka nyuma, nikagonga mlango unaofuata ghala. Alifungua mzee mwenye kaptura, mkononi bakuli la ugali wa muhogo.

"Unatafuta nani?" akaniuliza.

"Hunijui, mzee," nikasema. "Nataka kujua nani analala upande huu."